Baiskeli ya Sebuleni

Haina gurudumu la nyuma. La mbele ni chuma kizito
kama jiwe la kusagia, kimezungushwa mkanda wa ngozi.
Niliipata Memorial, kwa muuza mitumba
aliyeapa kwa marehemu mama yake kwamba imetoka Ujerumani.
Elfu themanini na tano. Aikande aliguna tu,
akasogeza kabati la vyombo.

Si mlimani nilikoanguka.
Watu wakija kunipa pole hutupa jicho kule juu kwanza,
kana kwamba barafu ndiyo yenye kesi.
Nawaacha. Nitasemaje?
Kwamba mara mia na kumi na moja nimefika kileleni
nikarudi na vidole vyangu vyote,
kisha mparachichi wa mama mkwe, Kibosho,
tawi lenye matunda matatu—
mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga.
Hawakusema atashukia goti gani.

Wiki sita za hogo.
Mtori asubuhi, mtori jioni, kama mzazi wa juzi;
majirani wakiingia na ndizi kichwani
nusura waulize mtoto ni wa kike au wa kiume.
Hogo lilipokatwa nikakuta mguu wa mtu mwingine,
paja limenywea kama mgomba uliokatwa mkungu.

Mbonea, kijana wa mazoezi ya viungo,
rika la kifungua mimba wangu,
aliubeba kwa mikono miwili kama anayepima papai sokoni.
Dakika tano, akasema. Usiweke uzito.
Polepole, mzee.

Polepole!
Neno langu hilo. Nimelila miaka kumi na tisa,
limelipa ada, limeezeka bati.
Nimewaambia Wajapani, Waholanzi,
bibi mmoja wa Brazili aliyelia kambini Barafu
akitaka mumewe aliyekufa aje amchukue:
polepole, mama, polepole,
nami nimeshika mifuko, natafuna karanga.
Pole ukiisema mara moja ni msiba.
Ukiisema mara mbili ni mwendo.
Katikati ya hizo mbili
ndipo ninapokanyaga sasa.

Dakika ya kwanza goti linalia kama bawaba ya banda la kuku.
Ya pili nahesabu misumari ya dari.
Ya tatu, jasho. La nini? Sijatoka hata kwenye zulia.
Ya nne Ndeshi anatokea na daftari la hesabu:
Baba, umefika wapi?

Nilitaka kusema Mandara,
kwamba nanusa supu ya wapagazi, kwamba kesho ni Horombo.
Nikasema: Nimefika penye kochi.
Akaandika. Sijui aliandika nini.

Masika ikaja, umeme ukaenda zake.
Baiskeli haikuuliza.
Nilikuwa nimekaza skrubu robo mzunguko, gizani,
simu nimeibana begani, Lyatuu anapiga toka kambini,
upepo nyuma yake ukipiga turubai:
Mbona unahema kama mtu wa Stella? Uko wapi?
Sebuleni.
Akacheka hadi mtandao ukamkatia,
nikabaki nacheka peke yangu, miguu haijasimama.

Alfajiri mlima hutoka juu ya paa la fundi seremala,
dakika chache, kabla mawingu hayajaufunga.
Zamani niliangalia theluji.
Siku hizi naangalia pale chini yake, kwenye mteremko,
kwa sababu kupanda ni mapafu,
kushuka ndiko kunakokula magoti,
na hilo Mbonea hajaniahidi.

Leo ni dakika ishirini na mbili.
Ningefika thelathini, lakini Aikande
amesimama pembeni na beseni.
Mvua haijakatika siku ya nne.
Nikishuka tu, anatandaza soksi za shule kwenye usukani,
sketi kwenye kiti,
na shati langu la kazi, lile la kijani,
analifua kila Jumamosi ingawa halijavaliwa,
analitundika juu ya gurudumu.
Linachuruzika. Anasema litakauka.